Harusi Kabla ya Harusi: Picha za Tashtiti kuhusu Ndoa za Kifalme nchini Uingereza, 1786–1820

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna picha za tashtiti zilizochapishwa jijini London kati ya mwaka 1786 na 1820 zilivyozishughulikia ndoa za watoto wa Mfalme George III. Hoja inayojengwa ni kwamba picha hizo hazikuwa taarifa za harusi. Zile mashuhuri zaidi zilitoka madukani kabla ya harusi, au siku yenyewe ya harusi, na wachoraji wake hawakuwa miongoni mwa walioalikwa. Kwa sababu hiyo, zinapaswa kusomwa kama ushahidi wa yale ambayo umma uliyatarajia, uliyahofia na uliyagharimia, wala si ushahidi wa yaliyotendeka kanisani au chumbani.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1714 na 1830 Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George. Miongo minne au mitano ya mwisho ya kipindi hicho ndiyo iliyoshuhudia biashara ya picha za tashtiti ikishamiri jijini London. Mawaziri, majenerali, waigizaji, maaskofu na mabibi wa mitindo walichorwa na kuchekwa. Familia ya George III, aliyetawala kuanzia mwaka 1760 hadi 1820, ilikuwa na mahali pake pa pekee katika kicheko hicho. Mfalme huyo na Malkia Charlotte walijaliwa watoto 15, na kila mmoja aliyefikia umri wa kuoa au kuolewa aligusa mambo ambayo hayakuwa ya nyumbani peke yake: dini ya taifa, urithi wa kiti cha enzi, na hazina ya umma. Ndoa ya mtoto wa mfalme ilikuwa sherehe, lakini ilikuwa pia muswada wa fedha.

Utafiti juu ya picha hizi una msingi imara. M. Dorothy George aliandaa juzuu za 5 hadi 11 za katalogi ya British Museum ya tashtiti za kisiasa na za watu binafsi, kazi iliyotoka kati ya mwaka 1935 na 1954, na ambayo bado hakuna mtafiti anayeweza kuikwepa. Diana Donald, katika The Age of Caricature (1996), alizirejesha picha hizo katika mazingira ya sanaa na siasa za utawala wa George III. Vic Gatrell, katika City of Laughter (2006), alisisitiza kwamba kicheko chake kilikuwa kwa kiasi kikubwa cha wanaume wa jiji wenye nafasi. Mjadala uliofuata umeegemea zaidi swali la athari: je, picha hizo ziliudhoofisha ufalme, au ziliuchezea tu kama mtu anavyomtania jamaa yake?

Swali hilo ni la maana, lakini linaruka hatua moja. Kabla ya kuuliza picha ilifanya nini, inafaa kuuliza picha ilitoka lini. Bahati nzuri jibu huwa limeandikwa kwenye karatasi yenyewe. Sheria ya hakimiliki ya michongo, iliyoanza kutumika mwaka 1735 na ambayo William Hogarth alikuwa miongoni mwa walioipigania, ilitaka kila bamba liwe na jina la mwenye mali na tarehe ya kutolewa ili lipate ulinzi. Mstari huo mdogo chini ya picha, ambao mtazamaji wa leo huupita bila kuusoma, ndio unaobeba sehemu kubwa ya hoja ya makala haya.

2.0 Istilahi na Utaratibu wa Kazi

Istilahi ya tashtiti inatumika hapa kama inavyotumika katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili: kazi inayochekesha ikiwa na mlengwa anayejulikana na kosa linaloshutumiwa. Ndani yake zimo mbinu za kinaya, chuku na dhihaka. Neno katuni limeepukwa makusudi, kwa kuwa msomaji wa leo akilisikia hufikiria ukurasa wa gazeti. Magazeti ya London ya wakati huo kwa kawaida hayakuwa na picha. Kila picha ya tashtiti ilikuwa karatasi ya peke yake, ikiuzwa dukani kama kitu kamili.

Neno mahari nalo linahitaji tahadhari. Katika Kiswahili mahari hutoka upande wa mwanamume. Katika ndoa za kifalme za Ulaya fedha zilipita njia nyingine: bibi harusi ndiye aliyekwenda nazo kwa mume, na kwa mabinti wa George III fedha hizo zilipigiwa kura na Bunge. Kuziita mahari ni kupotosha nani alilipa na nani alipokea, na katika picha zinazojadiliwa hapa hilo ndilo kiini cha mzaha. Kwa hiyo makala haya yanatumia fungu la ndoa.

Kuhusu utengenezaji, bamba la shaba lilipakwa tabaka jembamba la nta. Mchoraji alichora juu ya nta kwa sindano, akichora kinyume, kwa sababu karatasi hutoa sura iliyogeuzwa kama ya kwenye kioo. Kisha bamba liliingizwa katika asidi, nayo ikaila shaba pale tu palipokwaruzwa. Wino ulijazwa katika mifereji hiyo, bamba likafutwa, likagandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Rangi ilipakwa baadaye kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Njia hii ilikuwa ya haraka kuliko uchongaji wa patasi, na haraka hiyo ndiyo iliyoiwezesha picha kutoka wakati habari bado ina joto. Karatasi isiyo na rangi iliuzwa kwa kawaida shilingi 1, na yenye rangi shilingi 2, kiasi ambacho kibarua wa London asingekitoa bila kufikiri mara mbili.

Hata hivyo, kuona hakukuhitaji kununua. Maduka yalizibandika picha mpya madirishani, na watu wa kila aina walisimama barabarani kuzitazama. Duka la Hannah Humphrey lilikuwa maarufu kuliko mengine, kwa kuwa James Gillray, bingwa wa sanaa hii, alimfanyia kazi na aliishi katika nyumba yake. Samuel Fores wa Piccadilly alikuwa pia akiazimisha majalada ya picha kwa usiku mmoja, ili wenye nyumba wawaburudishe wageni wao. Ni kosa, basi, kuhesabu watazamaji kwa kuhesabu nakala zilizouzwa.

3.0 Mke Asiye Mke: Picha ya Machi 1786

Tarehe 15 Desemba 1785, nyumbani kwake Park Street, Maria Fitzherbert, mjane mara mbili na Mkatoliki, alifunga ndoa ya siri na George, Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha enzi. Milango ilifungwa. Aliyewaozesha alikuwa Robert Burt, kasisi wa Kanisa la Anglikana ambaye madeni yake yalilipwa ili akubali kazi hiyo. Mashahidi walikuwa jamaa wawili wa bibi harusi, mjomba na ndugu yake.

Kisheria, ndoa hiyo ilikuwa fumbo. Sheria ya mwaka 1701 ilimnyima urithi wa kiti cha enzi yeyote aliyefunga ndoa na Mkatoliki. Sheria ya mwaka 1772 nayo ilibatilisha ndoa ya mzao wa Mfalme George II iliyofungwa bila idhini ya mfalme, na mrithi, aliyekuwa na umri wa miaka 23, hakuwa na idhini hiyo wala hakuiomba. Kama ndoa ilikuwa halali, mume alipoteza taji. Kama alitaka kulinda taji, ilimbidi aikubali sheria iliyosema kwamba hana mke. Mbele ya Kanisa Katoliki na mbele ya dhamiri ya Fitzherbert alikuwa mke. Mbele ya Bunge hakuwa chochote.

Gillray aliuweka utata huo wote katika kichwa cha picha iliyotolewa na William Holland tarehe 27 Machi 1786: "Wife & no Wife", yaani mke naye si mke. Ni vigumu kutaja maelezo ya kisheria yaliyo mafupi na sahihi zaidi ya hayo. Picha yenyewe, hata hivyo, haina hata chembe ya ukweli wa tukio. Harusi inafanyika ndani ya kanisa kubwa la Kikatoliki ng'ambo, si sebuleni Mayfair. Kasisi ni Edmund Burke, mbunge wa upinzani, aliyevishwa mavazi ya Mjesuiti. Anayemkabidhi bibi harusi ni Charles James Fox, kiongozi wa upinzani na rafiki wa bwana harusi. Lord North, waziri mkuu wa zamani, amevikwa sare ya mwendesha gari la farasi na amelala usingizi. Ukutani zimetundikwa picha za Biblia, mojawapo ikiwa Daudi akimchungulia Bathsheba, nyingine Yuda akimbusu Yesu.

Hakuna hata mmoja kati ya wanasiasa hao aliyekuwapo Park Street. Kuhusu Fox, picha imekwenda kinyume kabisa cha ukweli. Tarehe 10 Desemba 1785, siku tano kabla ya harusi, Fox alimwandikia mrithi barua ndefu ya kumwonya asithubutu kuoa, naye akajibiwa kesho yake kwamba uvumi huo hauna msingi. Aliamini. Tarehe 30 Aprili 1787 alisimama bungeni akakana kwamba ndoa hiyo ilipata kufungwa, na muda mfupi baadaye Bunge likaidhinisha pauni 161,000 kulipia madeni ya mrithi. Mtu aliyechorwa akiozesha ndiye aliyekuwa amedanganywa.

Je, mchoraji alikosea? Jibu linategemea swali aliloulizwa. Kama aliulizwa nani alikuwa sebuleni, alikosea katika kila jambo. Kama aliulizwa nani atabeba gharama za siri hiyo, alipatia zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Fox mwenyewe kujua. Wafuasi wa upinzani walimtegemea mrithi awape madaraka siku atakapotawala. Kwa hiyo ndoa yake, ifungwe wapi na na nani, ilikuwa ndoa yao. Busu la Yuda ukutani si pambo.

Kuna aliyebeba gharama nyingine ambayo picha haikuihesabu. Fitzherbert hakuwa na mahali pa kujibu. Akisema ameolewa, angemvua mumewe taji. Akinyamaza, alibaki hawara machoni pa kila aliyepita dirishani. Alinyamaza. Cheti cha ndoa alikihifadhi, na majina ya mashahidi yalikatwa kwa ajili ya usalama wao. Uhakiki unaozisifu picha hizi kwa ujasiri wake unapaswa kukumbuka kwamba ujasiri huo ulikuwa rahisi zaidi ulipomwelekea mwanamke asiyeweza kuzungumza.

4.0 Dhahabu na Kiatu: 1791 na 1792

Duke wa York, mtoto wa pili wa kiume wa mfalme, alimwoa Frederica, binti wa Mfalme wa Prussia, jijini Berlin tarehe 29 Septemba 1791. Ili kuondoa shaka za kisheria, ndoa ilirudiwa London tarehe 23 Novemba. Katikati ya sherehe hizo mbili ilitoka picha ya Gillray iitwayo "The Introduction", yaani utambulisho. Duke anamleta mkewe mbele ya wazazi. Bibi harusi ameikunja aproni yake, nayo imejaa sarafu za dhahabu. Macho ya mfalme na malkia yako kwenye aproni, si kwenye uso wa mkwe wao. Umaarufu wa wazee hao kwa ubahili ulikuwa tayari umechorwa mara nyingi, kwa hiyo mzaha haukuhitaji maelezo.

Magazeti hayo ya majira ya baridi yalikuwa na shughuli nyingine: kuusifu udogo wa miguu ya Frederica. Sifa zikazidi, mpaka viatu vyake vikawa habari ya taifa. Gillray alijibu tarehe 24 Januari 1792 kwa picha ambayo haina hata sura moja ya mtu. "Fashionable Contrasts" inaonyesha vikanyagio vinne tu: vijiatu viwili vya kike vyenye vito, na katikati yake viatu viwili vikubwa vya kiume vyenye vifungo, vyote vikiwa vimelala kwa namna ambayo mtazamaji anamalizia mwenyewe.

Picha hii imenakiliwa na kuigwa mara nyingi, na kwa kawaida hutajwa kwa utundu wake. Lakini mlengwa wake si Duke wala mkewe. Ni magazeti. Waandishi walipomtenga mwanamke na kiatu chake na kukisujudia kiatu, Gillray alichukua mantiki yao akaifikisha mwisho wake: mkitaka miguu, basi nawapa miguu, na mjue miguu hiyo inafanya nini usiku wa ndoa. Kinaya hapa kimo katika utii. Mchoraji ametii mtindo wa siku kwa ukamilifu mno, na utii huo ndio unaoufedhehesha.

5.0 Ndoto ya Mwenye Madeni: 1795

Kufikia mwaka 1794 madeni ya Mwanamfalme wa Wales yalikuwa yamekaribia pauni 630,000. Njia ya kuyaondoa ilikuwa moja: akubali ndoa halali, na Bunge limwongezee posho. Chaguo likamwangukia binamu yake, Caroline wa Brunswick, ambaye hajawahi kumwona.

Tarehe 24 Januari 1795, siku 74 kabla ya harusi, Gillray alitoa "The Lover's Dream", yaani ndoto ya mpenzi. Mrithi amelala, amekumbatia mto. Caroline anashuka kutoka mawinguni akiwa mzuri kama malaika. Uzuri huo ni kinaya: mchoraji hakuwa amemwona, na kwa jambo hilo alikuwa sawa na bwana harusi. Kando ya kitanda, marafiki wa zamani wanatoweka: Fox, Sheridan, wanawake, pombe na kamari. Upande wa pili mfalme ameleta mfuko ulioandikwa pauni 150,000 kwa mwaka. Ndoto ina bibi harusi na ndoto ina mfuko, na picha inakataa kusema kipi kati ya hivyo viwili kimemfanya mwotaji atabasamu.

Wawili hao walikutana kwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili. Lord Malmesbury, aliyemsindikiza Caroline kutoka Brunswick, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi mrithi alivyomkumbatia, akageuka, akaomba apewe brandi, akaondoka. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1844. Mtafiti anayekijua kisa hicho hushawishika kuiona picha ya Januari kama utabiri. Ni afadhali kushinda kishawishi hicho. Gillray hakuwa nabii. Alikuwa msomaji wa magazeti na msikilizaji wa mijadala ya Bunge, na hesabu za mdaiwa zilikuwa wazi kwa kila mtu. Ndoa ilifungwa tarehe 8 Aprili. Bunge likapanga posho ya pauni 125,000 kwa mwaka, pungufu ya ile ya ndotoni, na sehemu kubwa yake ikatengwa moja kwa moja kwa wadai.

Binti yao, Charlotte, alizaliwa tarehe 7 Januari 1796. Siku mbili baadaye Gillray alitoa picha iliyolinganisha kuonyeshwa kwa mtoto huyo na ujio wa mamajusi, Fox na Sheridan wakibusu makalio yake. Mwezi huohuo mchoraji akakamatwa. Yafaa kuangalia shtaka: lilikuwa kukufuru dini, si kumtukana mfalme. Kumshtaki mtu kwa kumdhihaki mfalme kwa picha kulikuwa na ugumu wake, kwani ilibidi mwendesha mashtaka aisome picha mbele ya baraza la wazee, aeleze kila mzaha, na kuthibitisha kwamba yule mlevi mnene ni mrithi wa taji. Serikali nyingi zingependa kuepuka kazi hiyo. Kesi haikufika kwenye hukumu.

Kufikia tarehe 24 Mei mwaka huo, ndoa ikiwa imeshavunjika isipokuwa kwa jina, Caroline alichorwa akivuta pazia la kitanda na kumfichua mumewe akiwa na Lady Jersey, mwanamke aliyewekwa kuwa mhudumu wake mwenyewe wa chumbani. Ni picha ya kwanza katika mfululizo huu ambamo bibi harusi ana jicho lake mwenyewe na anatazama.

6.0 Pauni 80,000: Tarehe 18 Mei 1797

Binti mkubwa wa mfalme, naye akiitwa Charlotte, aliolewa na Friedrich, mrithi wa Württemberg, tarehe 18 Mei 1797. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mume alikuwa mjane na mnene kupita kiasi. Picha ya Gillray, "The Bridal Night", ina tarehe ileile ya harusi, maana yake bamba lilichorwa kabla ya maharusi kuingia kanisani.

Inaonyesha msafara wa kuwapeleka maharusi chumbani. Mfalme anamulika njia kwa mshumaa. Malkia, uso wake umefichwa na kofia, amebeba bakuli la kinywaji cha moto cha maziwa na mvinyo walichopewa maharusi. Bibi harusi amejificha nyuma ya kipepeo. Tumbo la bwana harusi limejaa nishani. Juu yake ukutani kuna picha ya tembo aliyepandwa na mungu mdogo wa mapenzi. Nyuma ya jamaa anakuja William Pitt, waziri mkuu, na mkononi ana gunia lililoandikwa pauni 80,000.

Macho ya mtazamaji huvutwa na tumbo na tembo. Wachambuzi wengi wameishia hapo. Lakini gunia ndilo lenye habari, nalo halina chuku yoyote: pauni 80,000 ndizo hasa Bunge liliidhinisha kuwa fungu la ndoa. Katika picha ambamo kila kitu kimekuzwa au kupotoshwa, tarakimu peke yake imeachwa kama ilivyo.

Ili kuelewa uzito wake lazima kuangalia wiki hizo. Mwishoni mwa Februari 1797 Benki ya Uingereza ilikuwa imeamriwa isitishe kulipa dhahabu kwa noti zake. Tarehe 16 Aprili mabaharia wa jeshi la majini waliokuwa Spithead waligoma. Madai yao makuu yalikuwa mshahara, ambao haukuwa umepanda tangu katikati ya karne ya 17: baharia mzoefu alipata shilingi 24 kwa mwezi wa siku 28. Walikubaliwa katikati ya Mei. Tarehe 12 Mei mgomo mwingine, mkali zaidi, ukazuka Nore, mlangoni mwa mto Thames, na siku ya harusi meli hizo zilikuwa bado mikononi mwa wagomaji.

Hesabu ni nyepesi. Miezi 13 ya siku 28 kwa shilingi 24 ni shilingi 312, yaani pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho cha zamani, gunia alilobeba Pitt lilikuwa mshahara wa mwaka mzima wa mabaharia zaidi ya 5,000. Picha haiwataji mabaharia. Haikuhitaji kuwataja, kwa kuwa aliyesimama mbele ya dirisha la Humphrey juma hilo alikuwa na habari za Nore masikioni. Na siku nne baadaye, tarehe 22 Mei, mchoraji huyohuyo alimchora Pitt akimshambulia bibi kizee aliyevaa nguo za noti za karatasi na kukalia kasha la dhahabu, ambaye ni Benki yenyewe. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja, kama walivyozitazama wateja wa duka, mkono ulioingia katika kasha na mkono uliobeba gunia ni wa mtu mmoja.

Upo ukweli mmoja unaozuia kumgeuza Gillray kuwa mtetezi wa wanyonge. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1797 alianza kupokea malipo ya siri ya pauni 200 kwa mwaka kutoka upande wa serikali ya Pitt. Hilo halibatilishi picha ya Mei. Linaonyesha tu kwamba gunia lilikuwa na zaidi ya mdomo mmoja.

7.0 Kutoka Shaba hadi Mti: 1816–1820

Ndoa zilizofuata zinaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa sababu nyingi zilirudia vichekesho vilevile: mume Mjerumani mwenye mifuko mitupu, posho, na umri wa maharusi. Charlotte wa Wales aliolewa na Leopold wa Saxe-Coburg tarehe 2 Mei 1816, akafa kwa uzazi tarehe 6 Novemba 1817 bila kuacha mrithi. Wajomba zake, waliokuwa wamezeeka wakiishi na mahawara au bila wake halali, wakaingia haraka katika ndoa. Duke wa Clarence na Duke wa Kent walifunga zao pamoja huko Kew tarehe 11 Julai 1818. Hapo umma ulikuwa umechoka kulipa. Serikali ilipomwombea Clarence nyongeza ya pauni 10,000 kwa mwaka, baraza la chini la Bunge likaipunguza hadi 6,000. Wabunge walikuwa wameanza kusema waziwazi yale ambayo picha zilikuwa zikiyasema kwa miaka 30.

Mwaka 1820 ndio uliobadilisha njia yenyewe ya uchapishaji. George III alifariki Januari, mrithi akawa Mfalme George IV, na Caroline akarejea kutoka Italia mwezi Juni kudai nafasi yake ya umalkia. Mfalme alipeleka bungeni muswada wa kumvua cheo na kuivunja ndoa kwa madai ya uzinzi. Ndoa ile ya 1795 ikafunguliwa upya mbele ya taifa, shuka kwa shuka.

Mwezi Agosti William Hone alitoa kijitabu kiitwacho The Queen's Matrimonial Ladder, kwa bei ya shilingi 1, picha zake zikiwa za George Cruikshank. Kiliambatana na ngazi ndogo ya karatasi yenye vidato 14, kuanzia mrithi mlevi mwenye madeni anayestahili kuozwa, hadi kushushwa kwake hadhi. Picha hizi hazikuwa za bamba la shaba. Zilichongwa kwenye vibao vya mti, na kwa hiyo ziliweza kuchapwa pamoja na herufi kwa mkupuo mmoja, nakala kwa maelfu. Kwa bei ambayo zamani ilinunua karatasi moja isiyo na rangi, msomaji sasa alipata kisa kizima, maneno na picha pamoja, cha kusoma mezani na wenzake badala ya kukitazama kwa kusukumana dirishani. Hoja ya Gatrell kuhusu kicheko cha wenye nafasi, yenye nguvu kwa miaka ya Gillray, inapungua nguvu hapa.

Katika kijitabu hicho harusi haitangulizwi tena. Inatazamwa kwa nyuma, kutoka miaka 25 baadaye, kama chanzo cha kesi. Muswada ulipopigiwa kura ya mwisho katika baraza la juu tarehe 10 Novemba ulipita kwa kura 9 tu, na serikali ikauondoa.

Ipo stakabadhi ya tarehe 19 Juni 1820. Inaonyesha kwamba George Cruikshank alipokea pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme katika hali yoyote ya uasherati. Vidato vya ngazi ya Hone vilitoka miezi miwili baadaye. Mfalme huyo aliyelipa ili asichorwe alikuwa, tangu ujana wake, mteja wa kudumu wa maduka ya Humphrey na Fores. Na mwaka 1921 maktaba ya kifalme ya Windsor iliiuzia Library of Congress ya Washington takriban picha 10,000 za tashtiti za Kiingereza, ambazo leo ni miongoni mwa akiba kubwa zinazotumiwa na watafiti wa ndoa hizo.